JANGWA NI NINI?

Ndugu msomaji, ukisikia neno "jangwa" unafikiria nini? Wengi hufikiria mchanga na jua kali. Lakini jangwa ni mahali penye mvua chache sana. Kwa kawaida mvua ya mwaka mzima haifiki milimita 250. Ukiikusanya yote bila kupotea, haifiki goti lako.

Kuna aina 4 za majangwa.

1. Jangwa la joto. Mfano ni Sahara, kaskazini ya Afrika. Huko hewa kavu hushuka kutoka juu na kuzuia mawingu. Sahara ni zaidi ya mara 9 ya Tanzania.

2. Jangwa la pwani. Mfano ni Namib, huko Namibia. Maji ya bahari yake ni baridi. Huleta ukungu, lakini mvua ni kidogo.

3. Jangwa la nyuma ya milima. Mfano ni Gobi, huko Mongolia na China. Milima mirefu huzuia mawingu ya mvua. Hata kwetu Mbulu, nyanda za juu hupata mvua nyingi kuliko Bonde la Yaeda.

4. Jangwa la barafu. Hili ni bara la Antaktika, kusini kabisa ya dunia. Ndilo jangwa kubwa kuliko yote.

Na sisi je?

Mbulu na Hanang si jangwa. Lakini hata ardhi yenye mvua huharibika kwa mikono ya watu. Tazama jirani zetu wa Kondoa. Miti ilikatwa, mifugo ikazidi malisho, maji yakachimba makorongo makubwa. Mwaka 1973 Serikali ilianzisha mpango wa Hifadhi Ardhi Dodoma, yaani HADO. Mwaka 1979 mifugo yote iliondolewa katika eneo lililoharibika. Nyasi na miti viliota tena. Lakini fikiri, ndugu mfugaji: ungekubali kuhamisha ng'ombe wako wote?

Tusingoje kufika huko. Fanya hivi:

- Lima matuta ya kukinga mteremko. Usilime kufuata mteremko.
- Panda majani ya tembo kwenye matuta. Yatashika udongo na kulisha ng'ombe.
- Tia samadi shambani, kama walivyofanya wazee wa Kiiraqw.
- Fuga mifugo inayotosha malisho yako.
- Ukikata mti, panda mingine.

Mwone Bwana Shamba wa kijiji chako akuonyeshe kupima matuta. Anza sasa, kabla ya mvua.