Kamera ya Bei ya Chini katika Mwanga wa Masisi na Walikale

Kamera ya dijitali ya bei ya chini kabisa, yaani ile ndogo ya plastiki inayouzwa ikiwa mpya kwa dola 30 hadi 60 za Marekani, hunadiwa kwa tarakimu moja kubwa iliyochapishwa juu ya boksi lake, ambayo ni idadi ya megapikseli, na hakuna kinachompotosha mnunuzi kuliko tarakimu hiyo. Pikseli ni nukta moja ya rangi katika picha, na megapikseli moja ni nukta milioni moja. Nukta hizo hutokana na kihisi, kipande cha silikoni kilicho kidogo kuliko ukucha wa kidole cha mwisho, ambacho hukaa nyuma ya lenzi na kuugeuza mwanga kuwa umeme unaoweza kupimwa na kuandikwa kwa tarakimu. Kamera nyingi za aina hii zinazodai megapikseli 44 au 48 huwa na kihisi chenye nukta chache mno kuliko hizo, na programu iliyomo ndani ndiyo inayozibuni zilizobaki kwa kukisia rangi ya kila nukta mpya kutokana na majirani zake. Faili la picha huwa kubwa, lakini kilichomo hakiongezeki, kama uji unaoongezwa maji bila kuongezwa unga.

Swali lenye maana ni namna kihisi kinavyokusanya mwanga, na jambo hilo hutegemea zaidi ukubwa wake. Kihisi cha kamera ndogo za miaka ya nyuma zilizotengenezwa na kampuni kama Canon au Nikon kilikuwa na upana wa takriban milimita 6, ilhali vihisi vingi vya kamera hizi mpya za bei ya chini havifiki milimita 5, kiasi kwamba eneo linalopokea mwanga hupungua karibu nusu. Kwa sababu hiyo kamera iliyotumika, yenye megapikseli 10 tu na mikwaruzo ubavuni, mara nyingi hutoa picha bora kuliko mpya inayong'aa. Kamera ya kwanza ya dijitali, iliyoundwa na mhandisi Steven Sasson katika kampuni ya Kodak mwaka 1975, ilikuwa na nukta 10,000 tu, nayo ilichukua sekunde 23 kuiandika picha moja kwenye kaseti. Wingi wa nukta umeongezeka tangu wakati huo, lakini kanuni ya mwanga imebaki palepale.

Tofauti hiyo huonekana wazi kwa anayetoka Masisi kwenda Walikale, maeneo mawili ya mashariki mwa Kongo. Sehemu kubwa ya Walikale imefunikwa na msitu wa ikweta, ambamo hata saa sita mchana majani huzuia sehemu kubwa ya mwanga usifike chini. Kamera inapokosa mwanga hufanya moja kati ya mambo mawili: ama huuacha mlango wa kihisi wazi kwa muda mrefu zaidi, na hapo mkono ukitetemeka kidogo tu picha huvurugika, ama hukuza ishara dhaifu ya umeme, na hapo picha hujaa chembechembe kana kwamba imenyunyiziwa mchanga. Dawa ya kwanza haihitaji fedha, nayo ni kuegemeza viwiko juu ya gogo au bega juu ya mti, kisha kubonyeza kitufe taratibu mtu akiwa ametoa pumzi.

Masisi ina tatizo lililo kinyume. Katika vilima vyake vya malisho mwanga ni mwingi, lakini asubuhi ukungu hutanda na mbingu huwa nyeupe kama maziwa yenyewe, na kamera, ambayo hukadiria mwanga kwa kuchukulia kwamba mandhari yoyote kwa wastani ni ya kijivu, huudhania weupe huo kuwa umezidi na kuitia giza picha nzima. Uso mweusi wa mchungaji aliyesimama mbele ya ukungu hubaki kivuli kisicho na macho wala mdomo, ilhali ng'ombe wa nyuma yake wanaonekana vizuri. Tiba yake ni kumgeuza mtu aukabili mwanga, au kumsimamisha kizingitini akitazama nje. Na kamera ikiwa na mpangilio wenye alama ya kujumlisha na kutoa, kuupandisha hadi +1 hurudisha sura. Flashi ya kamera hizi haifai zaidi ya mita mbili au tatu, kwa kuwa umbali ukiongezeka maradufu mwanga hupungua hadi robo, hivyo kuwamulika maharusi kutoka benchi la nyuma kanisani ni kumaliza betri bure.

Lenzi nazo zina hila zake. Lenzi ya bei ya chini kwa kawaida haisogei: imewekwa kiwandani ili kila kitu kuanzia umbali wa mita moja na nusu hivi kionekane vizuri, na mtumiaji hana la kurekebisha. Hali hiyo inatosha kwa picha ya familia, lakini humwangusha anayetaka kupiga picha ya karatasi, kwa mfano kadi ya mpiga kura, ambayo kwa Wakongo wengi ndiyo kitambulisho cha kila siku, au hati ya shamba. Baadhi ya kamera huwa na kijiti kidogo kando ya lenzi chenye alama ya ua upande mmoja na alama ya mlima upande wa pili. Kikisukumwa kwenye ua, lenzi huona kilicho karibu, na kikisahauliwa hapo, picha zote zitakazofuata zitakuwa na ukungu ambao haukutoka Masisi.

Upande wa umeme, kamera inayotumia betri mbili ndogo za aina ya AA huvutia kwa sababu betri hizo hupatikana katika kila kibanda, ila zile za bei rahisi za zinki na kaboni, zinazotosha kwa redio, hushindwa kutoa umeme mwingi kwa mkupuo na huzimika baada ya picha chache. Penye paneli ya jua ya kuchajia simu, kamera yenye betri ya lithiamu inayochajiwa kwa waya wa USB ni chaguo la busara zaidi.

Ndani ya kamera yenyewe mna kitu kinachofahamika kwa wenyeji. Vijenzi vya kielektroniki hushikizwa kwenye ubao wake kwa lehemu, na lehemu isiyo na risasi, inayotumika viwandani kwa wingi tangu Umoja wa Ulaya ulipoizuia risasi mwaka 2006, ni bati kwa zaidi ya asilimia 95. Bati hutokana na kasiteriti, jiwe lililochimbwa kwa mikono huko Bisie, Walikale, tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000, wakati wabebaji walipovuka msitu na magunia ya kilo 50 hadi Njingala, kisha ndege ndogo zikatua barabarani huko Kilambo kuyachukua. Tangu mwaka 2019 mgodi wa kiwanda wa kampuni ya Alphamin unazalisha huko Bisie. Koltani ya Rubaya, Masisi, hutoa tantalamu, metali ya kutengenezea kapasita, yaani vijenzi vidogo vinavyohifadhi umeme kwa muda mfupi na kuuachia kwa utulivu. Hata hivyo kamera ya bei ya chini kabisa mara nyingi hutumia kapasita za kauri kwa kuwa ni nafuu, hivyo Rubaya ina uwezekano mkubwa zaidi wa kukutwa ndani ya kifaa cha tajiri.

Dukani, muuzaji huinua noti ya dola juani na kuikataa kwa mpasuko usiozidi punje ya mchele, ilhali mnunuzi huondoka bila kufungua hata kifuniko cha betri. Mnunuzi naye anastahili kuwa mkali kiasi hicho: aangalie kama vyuma vya mguso vina kutu ya kijani, apige picha ndani na nje ya duka, kisha aikuze kwenye kioo aone kama nywele zinaonekana moja moja au zimekuwa kama rangi iliyopakwa kwa vidole. Kadi ya kumbukumbu huhitaji kushukiwa zaidi, maana kadi bandia hujitangaza kuwa na gigabaiti 32 ilhali nafasi yake halisi ni ndogo, na ikishajaa hufuta au huharibu picha bila kutoa onyo. Njia ya kuipima ni kuijaza yote, kisha kufungua picha za mwanzo na za mwisho.

Unyevu wa Walikale huotesha kuvu ndani ya lenzi, kwa hiyo kamera huhifadhiwa katika kopo lenye kifuniko pamoja na vile vifuko vya chembe za kukausha vinavyopatikana kwenye maboksi ya viatu. Njiani ibaki mkobani: kupiga picha ya askari, daraja, uwanja wa ndege au kizuizi cha barabarani bila kibali kumewaponza wengi, na kamera huzua maswali ambayo simu haizui.

Jambo la mwisho ni tarehe. Kamera hizi zikikaa bila betri hurudi kwenye tarehe ya kiwandani, na picha ya mpaka wa shamba iliyopigwa wiki iliyopita hujitambulisha kuwa ya miaka mingi nyuma. Mwezi Septemba 2018 mahakama ya kijeshi ya Kivu Kusini ilipowahukumu viongozi wawili wa waasi, miongoni mwa ushahidi zilikuwamo picha zilizopigwa kwa programu ya simu inayohifadhi saa na mahali kwa namna isiyoweza kuchezewa. Kamera ya bei ya chini haina uwezo huo, haijui hata iko kilima gani. Hivyo mwenye kutaka picha zake ziaminiwe huweka saa upya kila anapobadilisha betri, na huandika kwenye daftari namba ya picha, siku, kijiji na majina ya waliokuwapo.