Kitendo Kabla ya Neno: Mchezo wa Choplifter na Uundaji wa Istilahi za Kiswahili

Makala haya yanachunguza mchezo mmoja wa kompyuta ili kuonyesha kwamba istilahi ya Kiswahili sharti itokane na kazi ya kitu kinachotajwa, wala si na maana ya kamusi ya neno la kigeni. Mchezo huo, Choplifter, ulibuniwa na Dan Gorlin kwa ajili ya kompyuta ya Apple II, ukatolewa na kampuni ya Brøderbund ya Marekani mwaka 1982.

Mchezaji huendesha helikopta ili kuwaokoa mateka 64 waliofungiwa katika majengo manne, 16 kila jengo. Helikopta hubeba watu 16 tu, hivyo hata asiyekosea hulazimika kwenda na kurudi mara nne. Akitua juu ya mateka, huwaua. Risasi zake pia huweza kuwaua. Juu ya kioo kuna hesabu tatu: waliokufa, waliomo ndani ya helikopta na waliookolewa.

Sheria hizo hueleweka kwa kutazama. Maneno ni machache, na lenye utata ni sortie, ambalo kijeshi humaanisha safari moja ya ndege kwenda vitani. Anayefuata kamusi angeandika "mruko". Hata hivyo, ndani ya sortie moja helikopta hutua na kuruka mara nyingi. Hesabu husogea pale tu inapoangamizwa, na mchezaji amepewa helikopta tatu. Basi "mruko wa pili" ungempotosha; "helikopta ya pili" ingemweleza ukweli.

Suala hili lina uzito kwa maeneo ya mpakani kama Kafutuma, wilayani Nchelenge, ufukoni mwa Ziwa Mweru. Upande wa Zambia lugha kuu ya eneo ni Kibemba; ng'ambo ya ziwa, Kiswahili ni mojawapo ya lugha nne za taifa za Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Nchi zote mbili ni wanachama wa SADC, iliyokifanya Kiswahili lugha yake rasmi ya nne mwaka 2019. Mwanafunzi wa huko anapokutana na neno lisilolingana na anachokiona kiooni, huenda akadhani kosa ni lake.

Kwa hiyo inapendekezwa kwamba waundaji wa istilahi waitumie programu yenyewe kabla ya kuitafsiri, na istilahi zijaribiwe kwa watumiaji wa mipakani kabla ya kusanifishwa.