Heroe mkubwa au heroe mdogo? Mtazame mdomo

Kandokando ya Ziwa Bogoria na Ziwa Nakuru nchini Kenya, au Ziwa Natron kaskazini mwa Tanzania, huonekana maelfu ya ndege wenye miguu mirefu na manyoya ya waridi. Wengi wetu huwaita flamingo. Jina lao la Kiswahili ni heroe. Mara nyingi kundi hilo moja huwa na ndege wa aina mbili: heroe mkubwa na heroe mdogo. Je, tunawatofautishaje, na kwa nini tujali?

Rangi hudanganya

Mtu asiyewazoea huanza na rangi. Ni kweli kwamba heroe mdogo kwa kawaida ni wa waridi iliyokolea, na heroe mkubwa ni mweupe zaidi. Lakini rangi hiyo hutokana na chakula, na makinda wa aina zote mbili ni wa kijivu. Tena, jua la jioni humfanya kila ndege aonekane mwekundu.

Kimo nacho husaidia iwapo wawili hao wamesimama pamoja. Heroe mdogo ana kimo cha sentimita 80 hadi 90 hivi, ilhali mkubwa aghalabu huzidi sentimita 110. Ndege akiwa peke yake katikati ya ziwa, huna wa kumlinganisha naye.

Mdomo ndio kitambulisho

Kwa ndege aliyekomaa, alama ya kuaminika ni mdomo. Mdomo wa heroe mkubwa ni wa waridi mpauko, na ncha yake ni nyeusi. Mpaka wa rangi hizo mbili unaonekana wazi hata kwa mbali. Mdomo wa heroe mdogo ni wa rangi ya damu ya mzee, na kwa mbali huonekana mweusi wote. Ukiwa na darubini, tazama pia jicho: la mkubwa ni la manjano, la mdogo ni jekundu linaloelekea rangi ya chungwa.

Tazama pia anavyokula. Wote huinamisha kichwa na kuchuja maji kwa mdomo uliopinduliwa. Heroe mdogo huchuja karibu na uso wa maji, akitafuta spirulina, viumbe vidogo mno vya kijani vinavyostawi katika maji ya magadi. Heroe mkubwa huzamisha kichwa zaidi, huku akikanyagakanyaga tope ili kuibua kamba wadogo, mabuu ya wadudu na konokono.

Kwa nini tuwatofautishe?

Tofauti hiyo ya chakula ndiyo kiini cha jambo lenyewe. Heroe mkubwa anaweza kuishi katika maziwa na pwani za aina nyingi, kuanzia Afrika hadi kusini mwa Ulaya na Ghuba. Heroe mdogo hutegemea sana maji ya magadi. Katika miaka ya 2010, maji ya Ziwa Nakuru yalipanda, magadi yakapungua makali na spirulina ikaadimika. Heroe wadogo wengi walihama kutafuta chakula kwingineko, yakiwemo maji ya Bogoria.

Zaidi ya hayo, katika Afrika Mashariki heroe wadogo wana sehemu moja tu ya uhakika ya kuzalia, nayo ni Ziwa Natron. Inakadiriwa kwamba takribani robo tatu ya heroe wadogo wote duniani huanguliwa hapo, na kila jozi hutaga yai moja tu. Shirika la IUCN limemweka heroe mdogo katika kundi la viumbe wanaokaribia kuwa hatarini. Heroe mkubwa bado hana hofu hiyo.

Sasa chukulia kwamba wanaohesabu ndege ziwani wanaandika "heroe" tu. Wadogo wakihama na wakubwa wakabaki, daftari litaonyesha kwamba ziwa bado lina heroe, kumbe chakula cha wadogo kimekwisha na hakuna aliyetambua.

Kwa hiyo ukifika ziwani, usikaribie mno, kwa maana kundi likishtuka huruka na kupoteza nguvu bure. Simama mbali na uanze na mdomo: ukiwa wa waridi wenye ncha nyeusi, ni mkubwa, ukionekana mweusi wote, ni mdogo. Baada ya hapo ndipo uhakikishe kwa kimo na namna anavyokula. Rangi ya manyoya iache iwe ya mwisho.