Kwenda Mrama Si Kuzama

Sokoni Keumbu, kando ya barabara ya kutoka Kisii kwenda Keroka, mama mmoja muuza ndizi aliniambia kuwa chama chao cha akiba kimekwenda mrama. Viongozi watatu wanatoa mikopo, kila mmoja na daftari lake. Wanachama sasa wanataka kivunjwe.

Nilimpa pole, kisha nikalitafakari neno lile. Keumbu ni nchi ya milima, na mrama ni neno la mabaharia wa pwani: mwendo wa chombo kinapoyumba huku na huku kwa mawimbi au kwa shehena iliyopangwa vibaya. Ndipo wahenga wakanena, manahodha wengi, chombo huenda mrama. Sisi wa bara tulipolipokea, wengi wetu tulidhani maana yake ni kuangamia.

La hasha! Chombo kinachokwenda mrama bado kinaelea. Mabaharia hawakihami, hupunguza tanga, huipanga upya shehena, na usukani huachiwa mtu mmoja. Akina mama wa Keumbu nao wayaunganishe madaftari, wamteue mweka hazina mmoja wanayemwamini. Wakikivunja chama leo, kitakachozama ni akiba yao.