Kivuli cha boti: Usitazame turubai peke yake

Boti zinazovusha wageni kutoka ufukwe wa Mji Mkongwe, Zanzibar, kwenda kisiwa cha Changuu nyingi zimejengewa kivuli: nguzo za mbao au bomba, na turubai juu yake. Visiwa hivi viko nyuzi 6 tu kusini mwa ikweta, na abiria aliyelipa nauli hataki kuungua. Hata hivyo, mwenye boti akifika dukani, mara nyingi huulizia kitu kimoja tu: bei ya turubai.

Turubai jepesi la plastiki, lile la buluu linalofunika mizigo sokoni, ndilo rahisi kuliko yote. Jua hulikausha likachanika, na vipande vyake huishia baharini. Turubai la PVC, kama yale ya malori, hudumu zaidi na halipitishi mvua, ila ni zito na chini yake joto hutuama. Kitambaa cha akriliki kilichotiwa rangi tangu nyuzi zake zilipotengenezwa hakipauki upesi na hupitisha hewa. Tatizo lake ni bei. Kanvasi ya pamba nayo, ikikunjwa ingali mbichi, huota ukungu.

Lakini kitambaa chochote utakachochagua, mshono ndio unaotangulia kuachia. Uzi wa kushonea nguo hauhimili jua na chumvi. Mtake fundi cherehani atumie uzi mnene wa poliesta uliotengenezwa kwa kazi za nje, na pembe zote azitie kitambaa maradufu kabla ya kutoboa matundu ya kamba.

Kwa upande wa nguzo, mbao ni nafuu na fundi wa boti yeyote anaweza kuzirekebisha. Bomba la chuma cha kawaida huliwa na kutu. Ukinunua stenlesi, uliza namba yake: 304 yafaa jikoni, lakini baharini tafuta 316, yenye madini ya molibdeni yanayoizuia chumvi kutoboa chuma. Alumini ni nyepesi, ila ikikazwa kwa skrubu za stenlesi na kurushiwa maji ya bahari, alumini ndiyo inayoliwa. Zitenganishe kwa vipande vya nailoni.

Mwisho ni upepo. Kasi yake ikiongezeka maradufu, nguvu yake juu ya kivuli huongezeka mara nne. Msimu wa kusi, chandarua kipana kilichoinuliwa juu sana kinaweza kuilaza boti ndogo. Kiwe cha chini kadiri abiria wanavyoweza kukaa kwa raha, kisiwekewe mizigo juu, na kamba zake zifungwe kwa fundo ambalo nahodha anaweza kulifungua kwa mkono mmoja.

Kama fedha hazitoshi, punguza upana wa kivuli. Uzi, skrubu na kamba usivifanyie ubahili.