Madirisha mapya Minnesota: faida iko kwenye hesabu

Mwenye nyumba wa Minneapolis anayeambiwa kuwa madirisha mapya "yatajilipa yenyewe" kwa akiba ya gesi ashike kalamu kwanza kabla ya kutia sahihi. Hesabu inaonyesha kuwa ahadi hiyo huchukua miaka mingi mno kutimia, na wakati mwingine haitimii kabisa.

Suala hili linawagusa pia Waafrika Mashariki, wakiwemo Wakenya, walionunua nyumba katika jimbo hilo la Marekani, ambako wastani wa Januari mjini Minneapolis ni takriban nyuzi 9 za Selsiasi chini ya sifuri. Kwa wengi wao nyumba ndiyo mtaji mkubwa kuliko wote, na kubadilisha madirisha yote kunaweza kumeza akiba ya miaka kadhaa.

Bidhaa yenyewe

Dirisha la kisasa la nchi za baridi lina vioo viwili au vitatu. Katikati huwekwa gesi ya agoni, inayopitisha joto kidogo kuliko hewa, na kioo hupakwa utando mwembamba wa metali unaorudisha joto ndani. Ubora wake hupimwa kwa kipimo cha U. Namba ikiwa ndogo, joto linalopotea ni dogo.

Kwa vipimo vya Marekani, kioo kimoja kitupu hufikia takriban 1.0 na vioo viwili vya kawaida takriban 0.5. Masharti ya ENERGY STAR yaliyoanza Oktoba 2023 yaliweka kikomo cha 0.22 kwa kanda ya kaskazini, ingawa yaliruhusu hadi 0.26 kwa dirisha linaloingiza joto zaidi la jua. Namba hizo huandikwa kwenye lebo ya NFRC. Dirisha lisilo na lebo hiyo ni sawa na gunia ambalo halijapita kwenye mizani.

Kwa upande wa fremu, alumini tupu hupitisha baridi haraka. Plastiki ngumu ndiyo ya bei nafuu, wakati mbao na faibaglasi ni ghali zaidi, na mbao hudai matunzo ya mara kwa mara.

Hesabu ya faida

Chukua dirisha moja la futi 15 za mraba. Baridi ya mwaka mzima Minneapolis hukadiriwa kuwa digrii-siku 7,500 za Farenhaiti. Tuseme tanuri la gesi lina ufanisi wa asilimia 90, gesi ni dola 1 kwa themu, na dirisha jipya hadi kufungwa ni dola 1,000.

Likichukua nafasi ya kioo kimoja kitupu, dirisha la 0.22 litaokoa takriban dola 23 kwa mwaka. Mtaji utarudi baada ya miaka 43. Likichukua nafasi ya vioo viwili vya kawaida, akiba ni dola 8 na senti kadhaa, na mtaji utarudi baada ya miaka karibu 120. Hata bei ya gesi ikipanda mara mbili, miaka hiyo itapungua kwa nusu tu.

Hesabu hii haikuingiza upepo unaopenya kandokando ya fremu. Upepo huo unaweza kuwa hasara kubwa, lakini mara nyingi huzibwa kwa gundi ya nyufa na mpira wa pembeni, kwa gharama ndogo sana.

Njia ya kati ni dirisha la ziada linalofungwa nje ya lile la zamani. Juu ya kioo kimoja, hupunguza upotevu wa joto kwa karibu nusu, yaani akiba ya takriban dola 15. Likigharimu dola 200, hurudisha fedha katika miaka 13.

Wakati wa kununua

Hata hivyo, zipo sababu halali za kununua jipya: fremu iliyooza, dirisha lisilofunguka, ukungu kati ya vioo, au chumba kisichokalika wakati wa baridi. Hapo mnunuzi analipia matengenezo na raha, na ni busara kuanza na madirisha mabovu pekee.

Punguzo la kodi la serikali kuu, lililofikia dola 600 kwa mwaka kwa madirisha, lilikoma tarehe 31 Desemba 2025. Muuzaji anayelitaja kwa ununuzi mpya anauza historia.

Katika mkataba, mnunuzi aulize kama dhamana inagharimia ufundi pamoja na kioo, na kama inahamia kwa mmiliki mpya nyumba ikiuzwa. Nyumba ikiwa ilijengwa kabla ya 1978, fundi awe na kibali cha kushughulikia rangi yenye risasi.

Aidha, "bei ya leo tu" isimtishe mtu. Sheria ya Marekani humpa anayeuziwa nyumbani kwake siku 3 za kazi kufuta mkataba. Muda huo unatosha kutafuta bei nyingine mbili na kurudia hesabu. Mali bila daftari hupotea bila habari.