Samaki Walipungua, Hesabu Zikasema Wameongezeka

Wahenga walinena kwamba kitanda usichokilalia huwajui kunguni wake. Usemi huu hunijia kila ninapowafunza wanafunzi wangu somo la istilahi, na mfano ninaowapa hautoki katika isimu, ambayo ndiyo kazi yangu, bali katika bahari iliyo mbali sana na kwetu: pwani ya Newfoundland, mashariki mwa Kanada. Huko, samaki ambaye Waingereza humwita cod alivuliwa kwa takriban karne tano, kisha akakaribia kwisha mbele ya macho ya wataalamu waliokuwa wakimhesabu kila mwaka.

Kwanza tulimalize suala la jina. Wapo wanaomtafsiri kwa neno chewa, ilhali chewa wa miamba yetu hana nasaba naye. Nikilitohoa jina lake liwe kodi, msomaji atadhani ninamzungumzia mwenye nyumba. Basi na tumwite chewa wa Atlantiki, tukijua kuwa jina hilo ni la kuazima. Wenyeji wa Newfoundland hawakuwa na taabu hii. Kamusi ya Kiingereza cha huko, iliyochapishwa mwaka wa 1982, inaonyesha kwamba kwao neno "samaki", likitajwa peke yake, lilikuwa na maana ya chewa huyu. Lugha ikifika hapo, hapana haja ya kuuliza watu wale waliishi kwa nini.

Mwaka wa 1497, John Cabot aliporejea Uingereza kutoka pande hizo, ilisimuliwa kuwa samaki walikuwa wengi hata wakachotwa kwa vikapu. Wingi huo ulidumu hadi zilipokuja meli kubwa za kukokota nyavu kutoka Ulaya, katika miaka ya 1950 na 1960. Mwaka wa 1968 pekee zilitolewa zaidi ya tani 800,000. Kanada ilipotwaa mamlaka ya maili 200 za bahari mwaka wa 1977, wengi waliamini kwamba mgeni akishaondoka, chakula kitabaki chunguni. Kumbe meli za kigeni zilifuatwa na meli za Kanada yenyewe, zenye nyavu zile zile.

Sasa tuitazame hesabu. Samaki hawahesabiki kama mbuzi zizini, hukadiriwa tu. Wataalamu wa serikali walikuwa na njia mbili. Ya kwanza ilikuwa kutuma meli ya utafiti ivue mahali palipochaguliwa kwa bahati nasibu. Ya pili ilikuwa kutazama meli za biashara zilipata tani ngapi kwa kila saa ya kuvua. Njia hii ya pili ndiyo iliyowaponza. Nahodha wa meli ya biashara havui kwa bahati nasibu. Huwafuata samaki walipo, tena kwa mitambo inayomwonyesha hata kundi lililojificha gizani. Chewa wanapopungua hukusanyika katika makundi machache, na nahodha huenda pale pale. Nyavu zake hujaa kama kawaida mpaka karibu na siku ya mwisho, na karatasi ofisini huandika kwamba hali ni shwari.

Wavuvi wadogo wa pwani hawakuwa na uwezo wa kumfuata samaki. Mitego yao ilikaa pale pale ilipokaa ya babu zao, ikimngoja chewa aje ufuoni wakati wa kiangazi. Katika miaka ya 1980 walianza kulia kwamba samaki hawaji, na kwamba wanaokuja ni wadogo. Naomba msomaji alitafakari jambo hili: mtego usiohama ni kipimo kizuri cha bahari kuliko meli inayohama. Lakini maneno ya wavuvi yaliitwa masimulizi, na takwimu za meli zikaitwa data. Mwaka wa 1986 chama cha wavuvi hao kililazimika kuwaajiri wanabiolojia wa Chuo Kikuu cha Memorial ili kilio chao kiandikwe kwa lugha ambayo wakubwa wangekubali kuisoma. Walitafsiriwa, ingawa walikuwa wakisema Kiingereza! Hata hivyo, hawakusikilizwa kwa wakati.

Mwaka wa 1989 wataalamu wa serikali wenyewe waligundua kosa lao. Wakashauri kiwango cha uvuvi kishuke kutoka tani 266,000 hadi 125,000. Waziri aliruhusu tani 235,000, kwa hofu ya viwanda kufungwa. Hapa siwezi kuwalaumu wanasayansi peke yao, japo mwaka wa 1997 wenzao watatu, Jeffrey Hutchings, Carl Walters na Richard Haedrich, waliandika kwamba mashaka ya watafiti yalikuwa yakifichwa kabla ya taarifa kutoka nje ya wizara. Taarifa iliyonyolewa mashaka husomeka vizuri, na mimi nimewahi kuwapa alama za juu wanafunzi walioandika hivyo.

Tarehe 2 Julai 1992, Waziri John Crosbie, mwenyewe mzaliwa wa Newfoundland, alitangaza kuwa uvuvi wa chewa wa kaskazini umesitishwa kwa miaka miwili. Watu wapatao 30,000 walipoteza kazi. Vijana walihama, na vijiji vikabaki na wazee.

Miaka hiyo miwili iligeuka kuwa zaidi ya thelathini. Mwaka wa 2023 wataalamu walibadilisha namna yao ya kukadiria, wakaingiza kumbukumbu za nyuma hadi mwaka wa 1954, na mstari wa hatari ukateremka. Samaki wale wale, waliokuwa katika eneo la hatari kwa hesabu ya zamani, wakajikuta katika eneo la tahadhari kwa hesabu mpya. Juni 2024 serikali iliondoa marufuku na kuruhusu tani 18,000, sehemu yake ikitengewa meli kubwa, za Kanada na za kigeni. Chama cha wavuvi wa pwani kilipinga kurudi kwa meli hizo.